Majina kwa Pumzi Moja

5 Aprili

Eucabeth amefika leo kutoka bweni na amekuwa wa kwanza tena. Nilitaka kuandika hapa kabla sijaambia mtu, lakini ukweli ni kwamba nimeshaambia laini yote ya nyumba, kuanzia bombani mpaka kwetu. Kidato cha nne, wavulana kwa wasichana, wa kwanza. Phelix, mtoto wa jirani yangu Aluoch, amekuwa wa pili. Nilimpa Aluoch pole. Akasema, "Pole ya nini, Mama Eucabeth? Wa pili si mgonjwa." Tukacheka, lakini uso wake niliuona.

Jioni nikamwambia msichana wangu atuonyeshe ule mchezo wake. Tangu nilipokuwa namfunga mgongoni nikienda naye shambani alfajiri, alikuwa anamsikia nyapara Kipkoech akiita majina ya kundi letu la kuchuma chai. Akayashika yote, watu zaidi ya arobaini, kwa mpangilio ule ule. Siku hizi anayasema kwa pumzi moja bila kukata. Anaanza na Jerusa, katikati yuko Nyamwange, karibu na mwisho Aluoch, na mwisho kabisa Sellah, ambaye ni mimi, kwa sababu niliingia kundi hili nyuma ya wote. Akifika kwangu lazima niitike "Niko" kama shambani. Baba yake hucheka mpaka anaweka kikombe chini. Ukuta kati yetu na Aluoch ni mwembamba, najua naye anasikia. Asikie.

6 Aprili

Aluoch ameleta kuku, mzima, miguu imefungwa. "Ya mwanafunzi," akasema. Nilishangaa. Mvua ilikuwa imelowesha kuni, moto ukakataa kabisa, tukamla hivyo hivyo nyama ikiwa bado nyekundu karibu na mfupa. Eucabeth alikula firigisi na mapaja yote mawili. Ni haki yake.

8 Aprili

Mvua. Kikapu kizito kwa maji kuliko kwa majani.

10 Aprili

Eucabeth anahara. Nimempa maji ya mchele na chumvi kidogo.

13 Aprili

Tumbo limetulia. Leo ni Jumapili na mvua ilitufungia ndani baada ya kanisa, akaamua kunifundisha. Mimi nilifika darasa la saba, si eti sijui kitu, lakini hii sikuwa nimeisikia. Alinikalisha mguu juu ya mwingine, akanigonga chini ya goti na mpini wa mwiko. Mguu ukaruka wenyewe ukapindua sufuria.

"Nani ameuambia uruke?"

"Wewe umenigonga."

"Mimi nimegonga. Lakini wewe umeuambia uruke?"

Sikuwa nimeuambia. Basi akaeleza. Ubongo ndio ofisi kuu, kama ile ya kampuni kule Kericho. Uti wa mgongo ni barabara kubwa inayotoka ofisini. Neva ni njia ndogo zinazoingia kila kona ya shamba. Nyingine zinapeleka amri: chuma, simama, geuka. Nyingine zinarudisha habari: hapa kuna baridi, hapa kuna mwiba. Lakini mambo mengine ya haraka hayangoji ofisi, yanaamuliwa pale pale kwenye uti wa mgongo, na Kericho wanapata habari baadaye.

"Kama Kipkoech akituambia tutoke shambani kukinguruma radi," nikasema. "Hapigi simu kwanza."

"Hapo hapo, mama."

Nikamuuliza, na kupumua? Maana mimi sijawahi kujiambia pumua. Akasema kuna sehemu ya ubongo huku chini, juu ya shingo, ambayo haina likizo. Inatuma amri hata mtu akiwa amelala, na amri inapita kwenye neva mpaka kwenye misuli ya kifua na ile iliyo chini ya mapafu.

Nimeshaamua. Msichana wangu atakuwa daktari wa ubongo. Jerusa akiniuliza nitamwambia hivyo: si wa meno, wa ubongo.

18 Aprili

Anasema vidole vya miguu vinamwasha kama vimeingiwa na siafu. Ni gambuti zangu alizovaa jana akinisaidia kuchuma. Zinabana.

20 Aprili, Pasaka

Alikuwa asome Neno mbele ya kanisa. Nilikuwa nimevaa kitambaa changu cha kijani, nimekaa benchi la pili ili watu wakigeuka kutafuta mama yake wasisumbuke. Alipofika kwenye ngazi ya madhabahu mguu haukuinuka. Akaanguka kwa magoti. Nikatoka mbio nikamshika kama mtu anayemkumbatia, nikawaambia ni kiatu. Akasoma akiwa ameegemea meza, vizuri sana, bila kukosea.

Njiani Aluoch alinifuata. "Mama Eucabeth, huyo mtoto anatembea kama anavuka mto."

"Wewe angalia Phelix wako."

"Phelix namwangalia kila siku. Hana la kuangalia." Akanishika mkono. "Mpeleke hospitali."

Kutoka lini ananifundisha kulea?

22 Aprili

Jambo limetokea.

Sisi wachuma chai tukirudi na baridi ya mvua tunatia miguu kwenye karai la maji ya moto na chumvi. Kila nyumba hapa inafanya hivyo. Leo nilimwekea Eucabeth karai kwanza, nikageuka kuchukua maji baridi ya kuchanganyia. Nikiwa nimempa mgongo akatia miguu. Nikasikia anasema, "Yako sawa mama, ni vuguvugu tu." Nikaingiza mkono kuhakikisha. Nikapiga kelele. Maji yalikuwa ya moto wa kuunguza, na yeye amekaa pale ananiangalia anashangaa ninalia nini. Tulipotoa miguu ilikuwa myekundu kama nyanya.

Aliitazama muda mrefu. "Habari hazifiki," akasema. Hakulia. Mimi ndiye nililia.

23 Aprili

Tangu jana jioni natumia ile fito yangu ya shambani, ambayo tunailaza juu ya michai kuona majani yapi yamepanda. Niliilaza kwenye mguu wake nikawa namgusa na unyoya. Chini ya fito hasikii vizuri, juu anasikia. Jana ilikuwa chini ya goti. Leo imepita goti, na mguu wa pili vile vile, kama mistari iliyopimwa.

Zahanati yetu ya laini imefungwa mpaka Jumatatu, nesi ameenda kwao Pasaka. Shemeji yangu amepiga simu. Anasema Kipkelion kuna mama anakanda watu waliokufa ganzi wakarudi wakitembea. Tutaenda kesho kutwa, Ijumaa, baba yake akitoka zamu ya kiwandani.

Nimefikiria sana kuhusu ule kuku. Mtoto alikuwa mzima. Kuku akaja, tumbo likaharibika, na sasa miguu. Tulikula sote, lakini kuku aliletwa kwa ajili ya nani? "Ya mwanafunzi." Aliyekuwa wa kwanza. Sitaandika zaidi, lakini mimi si mjinga.

24 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi hapa Longisa, kwenye hospitali kubwa. Baba Eucabeth yuko ndani naye. Nitaandika kila kitu kwa sababu nikikaa bure nitaanza kupiga kelele.

Asubuhi fito ilikuwa imefika juu ya mapaja. Hakuweza kusimama hata nikimshika kwapani. Nilimtumia Kipkoech ujumbe kwamba nina homa, nikafunga mlango na dirisha. Sikutaka watu waone. Jumapili walimwona akisoma, wabaki na hiyo.

Eucabeth akasema, "Mama, hii si ya kukandwa. Inapanda pande zote mbili sawasawa, kutoka chini. Chukua mwiko."

Nikachukua. Nikamgonga chini ya goti kama alivyonigonga mimi. Mguu ukanyamaza. Nikagonga tena. Nilikuwa nagonga kama mtu anayebisha mlango wa nyumba aliyo na hakika kuna watu ndani.

"Basi," akasema. "Wacha."

Ili asiogope, ama ili mimi nisiogope, nikamwambia aite majina. Akaanza na Jerusa, vizuri. Kisha sauti ikapungua. Akafika kwa Nyamwange, akakata, akavuta hewa. Akasema amechoka.

Hapo ndipo mlango ukagongwa.

"Tumelala," nikasema.

"Mnalala mchana huu? Fungua, Mama Eucabeth. Huu mlango ni wa kampuni, nikiuvunja si wewe utakayenidai."

Nikafungua kidogo, nikajaza nafasi na mwili wangu. "Unataka nini? Kuku wako tumeshamla."

"Kuku amefanya nini?"

"Wewe ndiye unajua. Mtoto alikuwa mzima mpaka ulipoleta kitu yako."

Nilitaka akasirike. Nilikuwa nimejitayarisha siku mbili. Lakini Aluoch alinitazama tu, maji ya mvua yakimtiririka kwenye leso.

"Hiyo utanitukana tukiwa njiani," akasema. "Sasa nisikilize. Kila jioni huyo mtoto akituita, mimi humwambia Phelix anyamaze, nangoja jina langu. Jumatatu alinifikia, lakini polepole. Jana akakata kabla yangu. Leo amekatia kwa Nyamwange. Mama Eucabeth, mtoto hafiki kwangu."

"Amechoka. Kesho tunaenda Kipkelion, kuna mama wa kukanda."

"Atamkanda nini? Mapafu?" Akanisukuma na bega, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda. "Eucabeth, niite mimi. Niite tu."

Eucabeth alijaribu. Alimwangalia Aluoch machoni akaanza tena na Jerusa, na safari hii hata kwa Nyamwange hakufika.

Sikumbuki tena nani alisema nini. Nakumbuka Aluoch amembeba kichwani na mimi miguuni, kwenye matope, na laini yote imetoka milangoni kutazama. Mama wa kitambaa cha kijani wa Jumapili ndiye huyo, anateleza bila viatu. Barabara yetu mvua hii haipitiki na gari dogo. Lori la majani ndilo lilikuwa pale kwenye mizani, na Kipkoech akasimama mbele yake.

"Mama Phelix, hii lori ni ya majani. Mtu akipanda, mimi ndiye nafukuzwa."

"Basi mwandike ni majani," Aluoch akasema. "Umetupunguzia kilo miaka yote hii, leo ongeza."

Kipkoech akaangalia mtoto. Ni mtu mkali, nimemsema vibaya mara nyingi humu na nje ya humu. Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akapanga magunia ya majani yakawa kama godoro. Tulipofika lami, kiwanda ni kulia. Dereva akapunguza mwendo. Kipkoech akamwambia, "Kushoto. Tutasema tulikwama."

Majani yalikuwa yameanza kupata joto chini yetu. Aluoch alikuwa amemwegemeza Eucabeth kifuani, akimwambia aite, hata kwa pumzi mbili, hata kwa pumzi tano, asinyamaze tu. Jerusa. Monicah. Chebet. Hewa. Jerusa. Monicah.

25 Aprili

Daktari ni kijana, Ombati, mtu wa kwetu. Nilimwambia huyu unayemtibu ni wa kwanza darasani. Akasema, "Naona, ameniambia ugonjwa wake kabla sijamwambia." Akamgonga goti na nyundo ndogo ya mpira. Nilitazama ukutani. Najua maana ya mguu kunyamaza.

Kisha akamwambia ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Nikasema, daktari, huyu ana hesabu yake. Nikamweleza. Hakucheka. Akasema, "Basi aite majina." Na nesi anakuja kila mara kumsikiliza. Jioni alifika kwa Chebet, ambaye ni wa tatu.

26 Aprili

Wamempeleka chumba cha mashine. Ana bomba kooni, mashine inampumulia. Hawezi kusema kitu.

27 Aprili

Daktari Ombati alituita sisi wawili akaeleza kwa Kiswahili na kidogo kwa Ekegusii. Tumbo lile lilikuwa mdudu. Askari wa mwili wakapigana naye wakamshinda. Lakini mdudu alikuwa na sura inayofanana na koti linalofunika neva. Askari hawakujua vita imeisha. Wakageuka wakaanza kupiga koti la neva, wakidhani ni adui. Wanapiga watu wao.

Baba Eucabeth, ambaye haongei, akasema, "Kama waya iliyotafunwa na panya. Kiwandani tunaona. Stima iko, injini ni nzima, lakini inatetemeka halafu inasimama."

"Hapo hapo, mzee. Ubongo ni mzima. Amri inatoka, haifiki. Anasikia kila kitu, kwa hivyo msiongee juu yake kama hayupo."

Nikauliza kama koti linarudi. Akasema kwa wengi linarudi, lakini linaota polepole sana, na mengine hayarudi yote. Kuna dawa wanampa kwa mshipa ya kutuliza hao askari. Kazi kubwa ni kumpumulia mpaka liote, na kuomba kifua kisishikwe na ugonjwa mwingine. Nikauliza mdudu alitoka wapi. Akasema hakuna anayeweza kuapa. Maji, pengine. Pengine nyama ambayo haikuiva, hasa ya kuku.

Baba Eucabeth alikuwa anatazama chini. Kuku alikuja akiwa mzima. Aliyempika ni mimi.

28 Aprili

Aluoch amekuja na uji kwenye chupa. Nilishindwa kumwangalia. Nikasema, "Mama Phelix, ule kuku."

"Ule kuku alikuwa wa kutaga," akasema. "Nilimleta kwa sababu Phelix aliniambia bila Eucabeth kumkimbiza angekuwa wa kumi. Kunywa uji."

Nikanywa uji.

2 Mei

Uso pia umelegea sasa. Anafunga macho kwa shida. Mashine inapiga, inapiga.

3 Mei

Hakuna mabadiliko.

5 Mei

Hakuna.

9 Mei

Kifua kimeshikwa. Homa. Wanamfyonza makohozi kwa mrija na machozi yanamtoka pembeni, hana hata uso wa kuonyesha anaumia. Nesi akaniambia nitoke. Nikasema sitoki. Akaniacha.

Maombi nilikuwa nimeyamaliza. Nikaanza kumwitia majina mimi. Jerusa. Monicah. Chebet. Nikagundua siyajui. Miaka yote nasimama pale asubuhi nikingoja langu tu, sijawahi kusikiliza ya wengine. Nilifika la sita nikakwama. Eucabeth akafumbua jicho akaniangalia, na mimi naapa alikuwa ananicheka.

Nikatoka nje nikampigia Aluoch simu. Akanisomea yote, moja moja, yuko shambani, mvua nyuma yake, na wenye majina wakawa wanaitika kwenye simu wenyewe. "Niko." "Niko, mwambie mtoto niko." Kipkoech pia aliitika, na jina lake halimo.

12 Mei

Homa imeshuka kidogo. Nayajua majina yote sasa. Yeye hupepesa jicho kwa kila moja.

13 Mei

Vile vile.

21 Mei

Wamezima mashine kidogo kumjaribu. Alipumua mwenyewe muda wa kunywa kikombe cha chai. Baba Eucabeth alikinywa hicho kikombe mpaka chini akashikilia kitupu.

29 Mei

Bomba limetoka. Neno la kwanza lilikuwa la mkwaruzo, kama karatasi. Niliinama kulisikia. "Jerusa." Nikadhani anamwita Jerusa. Kumbe anaanza.

Alifika hapo tu. Jerusa mwenyewe nimempigia simu nikamwambia, na sasa anajigamba kwenye laini kuliko mimi.

10 Juni

Wodi ya kawaida. Wanamfundisha kukaa. Vidole vya mkono vinashika kijiko, vinakiangusha. Anasema siafu wamerudi miguuni, na safari hii tumefurahi, habari zinaanza kufika. Nimemwambia kuhusu shamba la juu walilolipogoa mwaka jana. Ukilitazama lilikuwa vijiti vyeusi, ungesema limekufa, na wewe unapita tu kila siku kwenda kazini. Sasa tunachuma pale.

"Mama," akasema, "umekuwa mwalimu."

Nilimwambia mimi siku zote nilikuwa mwalimu, shule ndiyo haikujua.

2 Julai

Tumerudi. Kipkoech ameleta lori mpaka mlangoni, hakuna aliyemwomba. Eucabeth anatembea kwa fimbo mbili, visigino vinaburura. Huenda akafanya mtihani mwaka ujao. Nimemwambia mwaka ujao hauendi popote.

11 Julai

Baridi. Ukungu mpaka saa nne.

1 Agosti

Shule zimefungwa na Phelix amekuwa wa kwanza. Nimezunguka laini yote kuwaambia, kuanzia bombani. Wanne walikuwa wameshasikia kwa Aluoch, lakini mimi naieleza vizuri zaidi. Jerusa akaniuliza sasa unajisifia mtoto wa watu? Nikamwambia huyo kijana amekua ukuta mmoja na sisi, usimwite wa watu.

Jioni tulikaa jikoni. Miguu yake ilikuwa kwenye karai. Sasa mimi huchanganya maji kwanza, na yeye huniambia, "Moto, mama, ongeza baridi," na mimi humfanya aseme mara mbili kwa sababu napenda kulisikia. Baba yake alikuwa na kikombe. Hakuna aliyemwambia. Akavuta hewa, akaanza.

Jerusa, Monicah, Chebet. Nilisimama na jagi mkononi. Nyamwange akapita. Sauti ilikuwa nyembamba, nikaona mishipa ya shingo imesimama. Ng'ambo ya ukuta redio ikazimwa. Akaendelea, polepole, bila kukata, akafika kwa Aluoch.

"Niko," ukuta ukasema.

Hakusimama. Yalibaki machache, na nilimwona anayavuta kama mtu anayevuta kamba ya kisima. Moraa. Bochere. Kisha mwisho kabisa, hewa ikiwa imeisha yote, "Sellah."

Nilifungua mdomo. Hakukutoka neno, kwikwi tu. Baba yake akaniangalia. Eucabeth akangoja, kisha akavuta pumzi nyingine akaita tena, kwa sauti ya Kipkoech kabisa, ile ya mvua, "Sellah."

"Mwandike yuko," Aluoch akasema kutoka kwake. "Namsikia."